Toka Likoni hadi Changamwe: Bangi, mimba na kichefuchefu cha asubuhi

MOMBASA ni kisiwa, na kila kisiwa kina milango yake. Kusini mlango ni feri ya Likoni. Kaskazini ni Daraja la Nyali, lililojengwa mwaka 1980, ambalo huwapeleka watu Kongowea na Kisauni. Magharibi ni Makupa, penye daraja jipya tangu mwaka 2022 mahali pa lile tuta la zamani, na mbele yake ni Changamwe. Mgeni akishapiga picha chini ya zile pembe za Barabara ya Moi, akaizunguka Fort Jesus na kunywa kahawa chungu Mji wa Kale, hurudi kwao akiamini kwamba ameiona Mombasa.

Hajaiona. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii, na kati yao ni 154,171 tu waliokuwa kisiwani. Waliosalia wote hulala ng'ambo ya maji. Huko ndiko wanakokaa wafanyakazi wa bandari, mahamali, washonaji, makanga na wauza samaki, na huko ndiko mimba zinakobebwa na watoto kuzaliwa.

Nilizunguka huko kwa siku tatu nikiwa na swali moja mfukoni. Siku hizi kuna neno linalopita kwa wasusi, kwenye vituo vya matatu na hata ndani ya nyumba za heshima, ya kwamba bangi humtuliza mja mzito. Ati akivuta kidogo asubuhi, moyo hukoma kumchafuka, chakula humkalia, na usingizi huja. Husemwa pia kwamba bangi ni majani tu, kama mchicha, na majani hayawezi kumdhuru mtu. Nilitaka kujua neno hilo limetoka wapi na madaktari wanalijibu vipi.

Kwenye feri

Ukienda Likoni kwa miguu hulipi kitu. Unateremka ule mteremko pamoja na maelfu ya watu, mikokoteni na baiskeli, mnabanwa nyuma ya lango, kisha lango linafunguliwa na kila mmoja anakimbia kana kwamba chombo kitamwacha. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Wenyeji wenye umri huvuka kimya kidogo, kwa maana hawajasahau Aprili 29, 1994, siku ile feri ya Mtongwe ilipopinduka jirani na hapo na watu 272 wakapoteza maisha.

Ng'ambo ya pili unapokewa na biashara. Kuna viazi vya karai, mihogo ya kukaanga, mabuyu mekundu, na maembe mabichi yaliyochanjwa na kupakwa chumvi na pilipili. Muuza maembe mmoja, mama wa makamo mwenye leso mbili, alikuwa akimhudumia msichana aliyeshika ndimu na kuinusa kila mara.

"Mimba ya kwanza hiyo, mwanangu?" alimuuliza.

"Ndiyo, mama. Sikai na kitu tumboni. Hata maji nayatapika."

"Mumeo asemaje?"

Msichana akatazama chini. "Aniambia nivute kidogo ile yake. Ati moyo utatulia."

"Yeye mumeo," mama akasema huku akimfungia embe kwenye gazeti, "ashabeba mimba ngapi?"

Sote tuliokuwa karibu tukacheka, na msichana naye akacheka. Lakini swali lake halikuwa la kuchekesha. Mtu anayetapika mchana kutwa, na ambaye chakula cha nyumbani ni cha kubahatisha, hushika lolote analopewa. Naye mume hakusema kwa ubaya. Ametoa dawa anayoijua, tena aliyo nayo karibu.

Na si wachache walio nayo karibu. Utafiti wa NACADA wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba Wakenya 518,807 wenye umri wa kati ya miaka 15 na 65 walikuwa wakitumia bangi, yaani mmoja katika kila watu 53. Mwaka huo huo mgombea urais George Wajackoyah alizunguka nchi nzima akiinadi bangi kama zao la kulipa madeni ya taifa. Watu walicheka, wengine wakashangilia, na gumzo la bangi kuwa dawa likapata miguu. Ila sikumbuki jukwaa hata moja lililozungumzia mimba.

Punje ya ukweli

Uvumi unaodumu huwa na punje ya ukweli ndani yake, na huu unayo. Kemikali kubwa iliyomo katika bangi, ambayo wataalamu huiita THC, hupunguza kichefuchefu kwa wagonjwa fulani. Marekani iliidhinisha tembe ya namna hiyo, dronabinol, mwaka 1985, kwa ajili ya wagonjwa wa saratani wanaotapika kwa sababu ya dawa zao. Ni tembe yenye kipimo, anayoiandika daktari, kwa mgonjwa ambaye hana mtoto tumboni. Toka hapo hadi msokoto wa uchochoroni ni safari ndefu kuliko ya Likoni na Lungalunga.

Wala si Likoni peke yake wanakochanganya mambo haya mawili. Katika jimbo la Colorado, huko Marekani, bangi huuzwa madukani kwa leseni. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya simu walizopiga kwenye maduka 400 wakijifanya mwanamke mwenye mimba changa anayesumbuliwa na kichefuchefu. Maduka 69 kati ya kila 100 yalimshauri atumie bangi. Wauzaji hao hawakuwa wauguzi. Walikuwa na bidhaa rafuni, basi.

Sasa hebu tutazame kinachotokea tumboni. Mtoto hupata chakula na hewa kupitia kondo la nyuma na kitovu. Watu wengi hulidhania kondo kuwa chujio kali, lipitishalo mazuri na kuzuia mabaya. Sivyo. THC hulipita na kumfikia mtoto. Tena kemikali hii hupenda mafuta, hujificha katika mafuta ya mwili na kutoka polepole kwa siku nyingi, kwa hivyo anayevuta Ijumaa hadi Ijumaa mwili wake haupati hata siku moja ya kuwa safi. Ubongo wa mtoto unaojengwa una sehemu zinazopokea kemikali za aina hiyo, kwa kuwa mwili wenyewe hutengeneza za kwake kwa kiasi kidogo ili kuongoza ujenzi huo. Ni kama fundi anayefuata ramani yake, kisha akaingia mtu mwingine na kuanza kupiga kelele za maagizo.

Juu ya THC kuna moshi wenyewe. Moshi wa majani yoyote yanayoungua una hewa ya kaboni monoksidi, ambayo hushika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtoto aliye tumboni hana mapafu ya kupumulia, hutegemea damu ya mama tu. Na huku kwetu msokoto mara nyingi huchanganywa na tumbaku, ambayo madhara yake kwa mimba yamejulikana kwa miaka mingi.

Mjadala wa Kisauni

Siku ya pili nilivuka Daraja la Nyali hadi Kengeleni, mahali palipopata jina lake kutokana na kengele ya Frere Town, kijiji walichokaa watumwa walioachwa huru tangu miaka ya 1870. Karibu na hapo ni soko la Kongowea, ambapo mizigo ya vitunguu, nazi na viazi hushushwa kabla ya jua kuchomoza. Tangawizi huuzwa kwa fungu, na wachuuzi wanajua vizuri ni akina nani wanaoinunua mapema.

Kwa tangawizi, bibi zetu hawakukosea. Tafiti zimeonyesha kwamba hupunguza kichefuchefu cha mimba, na madaktari wengi huitaja kabla ya dawa. Mambo mengine wanayoshauri ni ya jikoni vilevile. Mama ale kidogo kidogo badala ya sahani moja kubwa, aanze asubuhi na kitu kikavu kama mkate au kipande cha muhogo wa kuchemsha kabla ya kuinuka kitandani, aepuke harufu ya mafuta yanayochemka, na anywe maji kwa funda ndogo. Yakishindikana hayo, kuna vitamini B6 na dawa nyingine ambazo daktari huzitoa akijua umri wa mimba. Anayetapika hata mkojo ukawa wa rangi ya chai au ukakata, au anayepungua uzito, huyo asingoje tangawizi. Apelekwe hospitalini akatiwe maji ya mshipa.

Barazani Mishomoroni nilikuta vijana wanne, mmoja wao ana rasta ndefu na maneno mengi ya busara. Nilipotaja mada yangu alinijibu bila kusita: "Mzee, Jamaika kina mama hunywa chai yake na watoto wao wazima. Utafiti uko."

Kijana huyo hakuwa mwongo. Utafiti uko kweli. Melanie Dreher na wenzake walichapisha mwaka 1994 habari za watoto wa vijijini Jamaika, 24 ambao mama zao walitumia bangi na 20 ambao mama zao hawakutumia. Watoto walipokuwa na siku tatu hapakuwa na tofauti, na walipofikisha mwezi mmoja wale wa kundi la kwanza walifanya vizuri zaidi katika vipimo kadhaa. Hiyo ndiyo sehemu inayosimuliwa barazani. Sehemu isiyosimuliwa ni kwamba watafiti wenyewe walieleza kuwa wanawake waliokuwa wavutaji wakubwa walikuwa na kipato na uhuru zaidi kuliko majirani zao, na nyumba zenye nafasi ya kumlea mtoto. Huenda kilichowanenepesha watoto hao ni sufuria wala si chai. Tena jumla yao ni watoto 44, wasiotosha kujaza darasa moja la shule ya msingi huku Kisauni.

Mkabala wa hao, weka wanawake 661,617 wa Ontario, Kanada, ambao habari zao zilichapishwa mwaka 2019. Waliokiri kutumia bangi walikuwa 9,427. Watafiti waliwalinganisha na wenzao waliofanana nao kwa umri, hali ya maisha, sigara na mengineyo, ili isije ikasemwa ni umaskini tu. Hata hivyo, kati ya kila wanawake 100 waliotumia bangi, karibu 10 walijifungua kabla ya wiki ya 37. Kwa wasiotumia walikuwa kama 7. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2016 uliojumlisha tafiti 24 ulikuta watoto wa watumiaji wakizaliwa na upungufu wa takribani gramu 110, na nafasi ya kulazwa katika chumba cha watoto mahututi ikiwa kama maradufu. Mama zao nao walionekana kupungukiwa damu zaidi.

Kijana wa rasta alisikiliza, akauliza, "Gramu mia na kumi ni nini, mzee?" Ni swali zuri. Kwa mtoto wa kilo 3 na nusu si kitu. Lakini pwani yetu ina malaria, ambayo hupunguza damu ya mama na uzito wa mtoto, na ndiyo sababu kliniki huwapa wajawazito vidonge vya kinga na chandarua. Mama wa huku aghalabu amekwisha kuwa na deni. Mtoto ambaye angezaliwa na kilo 2.6, ukimwondolea gramu 110 anaangukia chini ya kilo 2.5, na huo ndio mpaka ambao chini yake wauguzi huanza kuwa na wasiwasi.

Haya hayamaanishi kwamba kila mtoto wa mvutaji atazaliwa na kasoro. Wengi huzaliwa na kulia kama wengine. Madhara mengine hayaonekani siku hiyo. Katika mji wa Ottawa, Peter Fried alianza mwaka 1978 kuwafuatilia watoto wa kina mama waliovuta bangi, akaendelea nao hadi wakawa watu wazima. Kwa muda hapakuwa na la kuonyesha. Walipofika umri wa shule ndipo zikajitokeza tofauti katika utulivu, umakini na uwezo wa kupanga jambo. Mzazi wa Mtopanga aitwaye shuleni kwa sababu mwanawe hatulii hawezi kukumbuka mimba ya miaka tisa nyuma, na hata akikumbuka hataweza kuhakikisha.

Kuna jambo moja ambalo barazani hawakulijua kabisa, na liliwashangaza. Bangi yenyewe, ikivutwa kila siku kwa muda mrefu, yaweza kumfanya mtu atapike. Madaktari wa Australia walilieleza gonjwa hilo mwaka 2004. Mgonjwa hutapika kwa vipindi, na hupata nafuu akijimwagia maji ya moto. Sasa fikiria mwanamke mwenye mimba anayepatwa na hali hiyo. Anadhani ni mimba, anavuta ili apoe, anatapika zaidi, anavuta tena.

Kisauni ina pia kliniki ya methadoni, kwa watu wanaojinasua kutoka kwa heroini, au unga kama uitwavyo mitaani. Nalitaja kwa sababu wengine huchanganya. Bangi haina methadoni yake. Anayeiacha huweza kukosa usingizi, kuwa na hasira na kupoteza hamu ya chakula kwa wiki moja au mbili, kisha hupoa, wala kuiacha ghafla hakumdhuru mtoto. Kwa unga ni kinyume. Mjamzito aliyezoea unga asijaribu kuukata peke yake chumbani, maana mtikisiko huo ni hatari kwa mimba. Aende kliniki, na aende mapema.

Changamwe, penye vumbi na malori

Changamwe haina fukwe za kumwonyesha mgeni. Ina matangi ya kile kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza mwaka 1963 na kuacha kusafisha mwaka 2013, ina uwanja wa ndege, na ina malori yasiyokwisha. Upande wa Port Reitz, palipopewa jina la luteni wa jeshi la majini la Uingereza aliyefariki mwaka 1824 akiwa mtawala wa Mombasa kwa miezi michache tu, kuna hospitali ya umma ambayo wenyeji huijua pia kwa huduma zake za maradhi ya akili.

Chaani nyumba ni za vyumba vya kupanga, korido moja, mlango kwa mlango. Mume akivuta kitandani, mke naye anavuta, na jirani, na mtoto wa jirani. Hapa ndipo ninapoona mazungumzo mengi ya afya yanapokosea, kwa kumkemea mama peke yake. Mwanamume ana la kufanya ambalo ni rahisi kuliko kuacha kabisa, nalo ni kutoka nje. Na kama kuna kifuko cha muguka mezani, ajue pia kwamba watafiti wamehusisha utafunaji wa miraa wakati wa mimba na watoto wenye uzito mdogo. Serikali ya kaunti ilijaribu kupiga marufuku muguka Mei 2024, mambo yakaishia mahakamani, lakini tumbo halingoji hakimu.

Kikwazo kikubwa nilichokisikia Chaani hakikuwa ubishi. Kilikuwa hofu. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inaifanya bangi kuwa kosa, na wanawake wanaogopa kwamba wakimwambia muuguzi ukweli ataita polisi, au atawatangazia foleni nzima. Mmoja alinieleza kwamba katika zahanati fulani aliulizwa swali hilo kwa sauti mbele ya watu, akajibu "hapana" na hakurudi tena hadi uchungu ulipomshika. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka habari za mgonjwa ziwe siri. Mama ana haki ya kuomba aulizwe faraghani, na muuguzi anayeuliza kwa upole hupata jibu lenye faida. Akishajua, anaweza kumpima damu na uzito mara nyingi zaidi, kufuatilia ukuaji wa mtoto na kumtafutia ushauri. Asiyetaka kuanzia kliniki anaweza kupiga 1192, simu ya bure ya NACADA.

Mama mwingine, aliyejifungua wiki mbili zilizopita, alikuwa na swali jingine. Aliacha alipopata mimba. Sasa mtoto ametoka, je, aweza kurudia?

Muuguzi aliyekuwa nasi, mama wa Kigiriama aliyekaribia kustaafu, alimketisha. Akamweleza kwamba THC hupenda mafuta, na maziwa ya mama yana mafuta. Watafiti wa Marekani waliopima maziwa ya wanawake 50 mwaka 2018 waliikuta katika sampuli 63 kati ya kila 100, na kwa baadhi yao hata siku 6 baada ya kuvuta mara ya mwisho.

"Kwa hivyo nikivuta Jumamosi nikakamua na kumwaga Jumapili, haitoshi?"

"Haitoshi, mwanangu. Utamwaga mpaka Ijumaa, na mtoto atakuwa amekula nini?"

"Basi nimpe ya kopo."

"Ya kopo bei gani wiki? Na maji ya kuikoroga utayatoa wapi, kisimani? Wewe mnyonyeshe. Kinachoachwa ni ile nyingine."

Kisha akamchukua mtoto, akamlaza kwenye mizani na kusoma kilo 2 na gramu 900. Mama akaandikiwa katika kitabu chake, akajifunga leso, akatoka nje kubishana bei na kijana wa bodaboda hadi Magongo.